Madam Amelala Chali

Sehemu ya tisa

Mlimwacha Tecla kwenye mlango wa jiko lake kule Silibwet, ndoo ya maziwa mkononi, akitazama sanduku la kioo lililokuwa kando ya ukuta. Ndani yake, buibui alikuwa amelala chali.

Kwa aliyeingia leo, nieleze tulikotoka. Maxine, mtoto wa pekee wa Tecla na Kimutai, alikufa mwezi wa Julai katika chumba cha kupanga huko Kapsoit. Alifunga dirisha, akawasha jiko la makaa ili ampe joto buibui wake, tarantula mpana kama kiganja cha mtu mzima. Alikuwa amemtoa Marigat alipoenda atachimenti, mafunzo ya kazi, akamwita Madam. Mwenye ploti alivunja mlango asubuhi. Maxine alikuwa amelala kando ya jiko kama mtu aliyesinzia akisubiri chai. Madam alikuwa hai.

Kimutai aliandikisha polisi kwamba makaa yale yaliletwa na Ogoti, fundi wa umeme Mkisii aliyetaka kumuoa Maxine. Kwenye mazishi, Kipkosgei, mtoto wa kaka yake Kimutai, alimkokota Ogoti akamtupa nje ya boma mbele ya umati. Ogoti akalala selo siku sita, akatoka kwa bondi, akaonywa asikanyage Silibwet tena.

Lakini kuna jambo Kimutai hakulijua. Maxine hakuhama nyumbani kwa kupenda. Mama yake alimfukuza.

Wamama wa ushirika walikuwa wamekuja kuomba. Mmoja alifungua mlango wa chumba cha Maxine akidhani ni choo, akatoka mbio bila viatu. Mke wa mchungaji akatangaza kwamba nyumba hiyo ina mgeni ambaye si wa Mungu. Walipoondoka, Tecla, uso ukiwaka kwa aibu, alimwambia binti yake, "Chagua. Hiyo kitu ama nyumba ya mama yako."

Maxine alipanda gari akaenda, sanduku mapajani. Tecla akamwambia mumewe kwamba msichana amehama ili awe karibu na kazi.

Siri hiyo alikuwa hajamfungulia mtu yeyote. Hata mimi aliniambia mwisho kabisa, akiwa amenigeuzia mgongo anachochea moto.

Sasa turudi jikoni.

Tecla aliweka ndoo chini. Alimwogopa yule buibui tangu siku ya kwanza, na bado alimwogopa. Lakini Kimutai alipotaka kumchoma kwa petroli baada ya mazishi, Tecla alisimama mbele ya sanduku akasema, "Utaanza na mimi." Kimutai alidhani huzuni imemharibu mkewe akili. Akasema kitu hicho kisiingie nyumba kubwa. Ndiyo maana kilikaa jikoni, mahali ambapo mwanamume wa Kipsigis hakai bila sababu.

Kwa miezi miwili Tecla alishika panzi kwenye majani chai akamtupia Madam, akifumba macho. Wiki tatu zilizopita Madam alikataa kula. Tumbo likawa jeusi. Na leo miguu ilikuwa juu.

"Hata wewe," Tecla alisema.

Alichukua jembe akachimba shimo nyuma ya jiko. Halafu akaona si vizuri kumzika bila kitu cha Maxine, akaingia nyumbani kutafuta lile daftari la shule ambamo mtoto wake alikuwa akiandika mambo ya buibui: siku aliyokula, siku aliyokataa. Alikuwa hajawahi kulifungua. Aliogopa ule mwandiko.

Alilifungua ili achane karatasi moja. Likafunguka ukurasa wa mwisho.

"Madam akilala chali MSIMGUSE. Hajafa. Pigia Ogoti."

Chini yake kulikuwa na namba.

Tecla alichungulia barabara. Kimutai alikuwa ameenda Bomet tangu saa moja. Akabonyeza ile namba kwa kidole kilichojaa udongo.

"Halo?"

"Ni mimi. Mama Maxine."

Mahali fulani nyuma ya Ogoti kulikuwa na mtu anayegonga nyundo.

"Mama, mimi sitakiwi kuongea na nyinyi."

"Hiyo kitu imelala chali."

"Tangu saa ngapi?" Sauti ya Ogoti ilibadilika papo hapo.

"Niliikuta hivyo nikitoka kukamua."

"Angalia miguu. Imejikunja ndani kama ngumi, ama imetawanyika?"

Tecla alisogea, akainama. "Imetawanyika."

"Basi iko sawa. Wakikufa hujikunja. Hiyo inabadilisha ngozi. Usiiguse, Mama. Usitikise sanduku. Hata usiipulizie."

"Nimeshachimba shimo."

"Fukia."

Alifukia. Halafu akakaa kwenye kigoda mbele ya kioo na hakuinuka tena asubuhi ile. Ng'ombe walilia kutaka maji, akawaacha walie.

Kwanza hakuna kilichotokea. Kisha mgongo wa Madam ulipasuka pembeni, ukainuka kama kifuniko cha sufuria. Kitu cheupe kilikuwa chini yake. Kikavuta, kikapumzika. Kikavuta tena. Mguu mmoja ulichomoka kutoka kwenye mguu wa zamani kama mkono unavyotoka kwenye soksi. Ukafuata wa pili. Tecla, ambaye amewahi kuvuta ndama wanane kwa mikono yake mwenyewe, alijikuta anasukuma pamoja naye, meno yameumana.

Saa saba mchana miguu saba ilikuwa nje. Wa nane ulikwama.

Alingoja. Madam alivuta, akachoka, akatulia. Tecla akapiga simu tena.

"Mmoja umekataa kutoka."

"Kwa muda gani?"

"Saa nzima sasa."

"Nakuja."

"Usije! Baba Maxine akikukuta hapa..."

Simu ilikuwa imekatwa. Siku hiyo Ogoti alikuwa na kazi Kaplong, na si mbali sana kwa mtu mwenye haraka. Alitokea katikati ya majani chai, suruali imelowa hadi magotini. Alikuwa amekonda. Akasimama nje ya jiko, kichwa chini, kama mtu anayesubiri kufukuzwa.

"Ingia," Tecla alisema.

Ogoti alichungulia kwenye kioo. Akaomba maji ya uvuguvugu na kitu laini, akanyoosha mkono. Mkono ulikuwa unatetemeka. Akaushika kwa ule mwingine, ukaendelea kutetemeka.

"Umekuwa hivi tangu selo," alisema, bila kumtazama.

"Toka hapo."

Tecla alichukua unyoya wa kuku, akauchovya kwenye maji, akauingiza ndani ya sanduku. Hakufumba macho. Alilowesha ile ngozi ya zamani tone kwa tone, pale ilipobana, huku Ogoti akimnong'oneza: chini kidogo, usiguse mwili, ngoja, sasa. Ilichukua karibu nusu saa. Mwishowe mguu ulitoka, umepinda na mlegevu.

"Itabaki hivyo?"

"Mpaka ibadilishe ngozi ingine. Mwaka ujao, pengine."

Madam alijipindua polepole, akasimama. Kando yake ililala ngozi tupu, ina miguu yote na nywele zote, utadhani ni buibui wawili. Tecla aliitazama kwa muda, akamwomba Ogoti aiache palepale kwanza.

Ogoti alimpa masharti. "Sasa hivi ni laini kabisa. Hata panzi anaweza kuimaliza."

"Panzi?"

"Meno bado ni meupe, haiwezi kuuma. Panzi akiitafuna, imekwisha. Usiipe chakula siku kumi. Maji tu, kwa kifuniko cha chupa. Usiishike. Na joto, lakini..."

Akatazama moto mekoni.

"Lakini si jiko," Tecla alimalizia.

"Chupa ya maji moto. Funga na kitambaa, weka nje ya kioo."

Aliondoka kwa njia aliyojia.

Kila asubuhi baada ya kukamua, Tecla alichemsha maji, akajaza chupa, akaifunga kwa leso ya Maxine. Kila asubuhi alipiga simu.

"Meno?"

"Meupe."

Siku ya nne: "Yamekuwa mekundu."

"Vizuri. Vumilia."

Siku ya sita Kimutai alimkuta ameshika ile chupa.

"Hiyo ni ya nini?"

"Mgongo unauma."

Kimutai alirudi nje. Siku hizo alikuwa anakula amegeukia ukuta, anaacha nusu ya ugali, anaenda kusimama kwenye shamba bila panga wala kikapu. Siku ya nane aliuliza, "Watu wanasema kuna Mkisii alionekana kwa majani yangu."

"Wachumaji ni wengi, Baba Maxine."

Alimtazama mkewe sana. Halafu akavaa gumbuti akatoka.

Siku ya kumi meno ya Madam yalikuwa meusi, yanang'aa. Tecla alipiga simu mapema.

"Njoo," alisema. "Mzee anaenda mkutano wa kiwanda cha chai."

"Mama, ukiwa na panzi unaweza kumlisha mwenyewe."

"Njoo, Ogoti. Kuna kitu nataka kukuambia."

Alikuja saa nne. Tecla alimpa chai, akamwonyesha kigoda. Akamtupia Madam panzi mmoja mdogo. Madam hakusogea. Halafu, ghafla, alimrukia, ule mguu uliopinda ukiburutika nyuma. Tecla alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Julai, na hapo hapo akafunika mdomo kwa aibu.

"Maxine hakuhama," alisema, mkono ukiwa bado mdomoni. "Mimi ndiye nilimfukuza. Kwa sababu ya hii. Nilimwambia achague."

Ogoti alishika kikombe, hakunywa.

"Na siku ile aliniandikia mesej. Alisema Kapsoit ni baridi, Madam hataki kula, anaogopa atakufa. Aliniomba amlete hapa jikoni siku mbili tu. Siku mbili, Ogoti. Niliisoma nikiwa nachambua mboga. Nikaweka simu kwa mfuko. Nilitaka aombe tena."

Moto ulipasuka mekoni. Nje kuku walikuwa wanakwaruza.

"Nilijua, Mama," Ogoti alisema.

"Ulijua nini?"

"Yote. Alinipigia akiwa ameshika sanduku barabarani, analia. Na ile mesej alinisomea kabla hajaituma. Aliniuliza kama imekaa kwa heshima."

"Na ukalala selo siku sita umenyamaza?"

"Alinikataza. Alisema baba yake akijua, nyumba yenu itavunjika. Akasema ngoja, mama atapoa, mimi namjua."

"Alikuwa hai alipokukataza."

"Ndiyo. Akafa kabla hajaniruhusu."

Tecla alilia hapo, kwa sauti, jinsi ambavyo hakulia kwenye mazishi. Ogoti hakumgusa. Hakuona kama anaruhusiwa. Alikaa tu, kikombe kikipoa mkononi, mpaka Tecla akanyamaza.

"Kesho naenda polisi," Tecla alisema. "Nitawaambia wewe huna kosa."

"Utawaambia ulimfukuza. Lakini wao wanauliza makaa, Mama. Mimi sikuleta makaa. Ningekuwa nimemaliza kumfungia ile balbu ya joto niliyomwahidi, hata asingeyahitaji, na hiyo naijibu mwenyewe kila siku. Lakini makaa sijui yalitoka wapi mpaka leo. Chumbani hakukuwa na jiko wiki iliyotangulia. Nilikuwa hapo."

"Basi nani?"

"Sijui."

Aliinuka, akaegemea kioo kumtazama Madam mara ya mwisho, akashukuru kwa chai. Mlangoni Tecla alimpa mkono. Aliushika kwa mikono yote miwili, jinsi kijana anavyomsalimia mama mkwe. Akapotea ndani ya majani.

Tecla alikuwa anasuuza kikombe aliposikia kuni zikianguka nyuma ya jiko.

Kimutai aliingia. Alivaa koti lake la mkutano. Viatu vilikuwa na matope mabichi, na begani alikuwa na maganda ya kuni, kama mtu aliyejibanza kwenye tita kwa muda mrefu.

"Ulimfukuza," alisema.

Tecla aliweka kikombe chini. Alikuwa ameingoja siku hiyo kwa miezi miwili. Akajiweka sawa kwa kofi.

"Nilimfukuza."

Kofi halikuja. Kimutai aliangalia kigoda alichokalia Ogoti, akakikalia. Hapo ndipo Tecla alipoona kwamba mumewe amezeeka. Mwezi wa Juni hakuwa na shingo ile.

"Makaa yalikuwa yangu," Kimutai alisema.

"Unasema?"

"Nilipita Kapsoit nikienda kuangalia mbolea. Nikamtafuta. Vidole vyake vilikuwa vya baridi, Tecla, kama vya maiti. Nikamuuliza mbona unaishi hivi na nyumbani kuna moto? Akasema, Baba, usimwambie Mama ulinipata hivi. Nikaenda sokoni nikamnunulia jiko. Nikamletea nusu gunia. Tukaliwasha pamoja, akapika chai, tukanywa. Nikaondoka kurudi nyumbani."

"Na dirisha?"

Kimutai alikwangua matope kwenye kiatu.

"Hiyo ndiyo sijui. Najaribu kukumbuka kama nilimwambia afungue dirisha. Siku zingine nakumbuka nilimwambia. Siku zingine nakumbuka niliongea juu ya ng'ombe tu."

"Na ukaandika ni Ogoti."

"Askari aliuliza makaa yaliletwa na nani. Ilikuwa inatosha niseme mimi. Nikasikia natoa jina la huyo kijana. Na ukishatia sahihi, unaanza kuamini. Nilimchukia kabisa. Nilimchukia vizuri, mpaka leo, nikiwa hapo nyuma kwa kuni."

Wawili hao walitazamana. Walikuwa wamelala kitanda kimoja tangu Julai, kila mmoja amefunga mdomo wake, kila mmoja akimwonea mwenzake huruma kwa kitu asichokijua.

Tecla ndiye aliyesimama kwanza. Alifungua kilemba, akakifunga upya, kwa nguvu.

"Twende. Hajafika lami. Tutamwambia sote wawili, halafu twende naye kituoni. Leo, si kesho."

Kimutai hakuinuka.

"Baba Maxine. Simama."

"Tecla."

"Simama, nimesema!"

"Wako pale chini, kwa daraja," Kimutai alisema. Alikuwa anaangalia mikono yake. "Kipkosgei na wenzake. Mimi sikwenda mkutano. Asubuhi niliwaambia, mkiona huyo Mkisii anatoka kwangu, mshikeni. Waliniuliza tukimshika tumfanye nini."

"Ukasema nini?"

"Nikasema msiniulize."

Tecla hakupiga kelele. Alimchomolea mumewe simu mfukoni, akampigia Kipkosgei. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Ikaita mpaka ikakatika. Kimutai sasa alikuwa amesimama, ameshika mlango.

"Kimbia!" Tecla alimsukuma. "Ni damu ya nani unangoja? Kimbia!"

Kimutai alikimbia. Koti la mkutano lilinasa kwenye majani chai, akalivua akaliacha, akaendelea kuteremka akiita jina la mtoto wa kaka yake.

Tecla alichukua simu yake mwenyewe, akatafuta namba ya Ogoti, ile aliyoipiga asubuhi kumi mfululizo. Iliita mara moja. Ikaita mara ya pili. Ikapokelewa.

"Ogoti? Ogoti, rudi nyuma, usipite darajani..."

"Mama?"

Haikuwa sauti ya Ogoti. Ilikuwa ya Kipkosgei, na alikuwa anahema. Nyuma yake watu walikuwa wanabishana kwa sauti za chini, na maji yalikuwa yanapita.

"Mama, mbona jina lako liko kwa simu ya huyu mtu?"

"Kipkosgei, nisikilize. Mpe simu. Mpe mwenyewe aongee."

Wale waliokuwa wanabishana walinyamaza, mmoja baada ya mwingine. Yakabaki maji peke yake.

"Mama," Kipkosgei alisema, na sasa sauti ilikuwa ya mtoto mdogo, "hawezi kuongea."